Nilipogonga Rimu Kabla ya Kusoma Karatasi

Wacha nianze na ile aibu ndio tuimalize mapema. Kuna watu wa Timau wananijua mimi kama yule mwanaume wa suti ya harusi alikimbia na jiwe. Nilikuwa nimelikumbatia kifuani kama mtoto mchanga, napiga nduru, suruali imepasuka huko nyuma, nafuata lori yenye imejaa ngano kwa mlima, na watu wamejaa pande zote mbili wananitazama. Ni mimi. Si ndugu yangu, si mtu tunafanana. Hata leo nikipita huko kuna mama wa kibanda cha chai huniita Wa Ihiga, yaani mtu wa jiwe, halafu anacheka mpaka chai inamwagika.

Sasa nimestaafu, na nyinyi vijana mmebaki kwa gereji na rola mpya ya kompyuta. Mmeniambia niwaandikie kitu kuhusu kupima nguvu ya gari, mimi mzee wa kazi. Sawa. Lakini mjue shule niliiwacha katikati ya form two, wakati hesabu ilianza kutumia herufi. Nilisema mimi siwezi jumlisha mbuzi na alfabeti, nikatoka.

Nilikuja kwa Mzee Balbir nikiwa kijana mwembamba, huwezi amini. Alikuwa kalasinga, Mhindi wa kilemba, wa hapa Nyeri, gereji yake iko chini ya mji ukielekea Majengo. Alikuwa amenunua rola kuukuu kutoka kwa shamba kubwa moja ya ngano. Rola ni mapipa mawili ya chuma ndani ya shimo. Unapandisha magurudumu ya nyuma ya lori juu yake, unafunga lori na cheni kwa ndoano za sakafu, dereva anakanyaga, magurudumu yanazunguka na lori haiendi popote. Halafu wewe unafungua maji. Maji yanaingia kwa breki ya rola na kuikaza, ni kama lori imeanza kupanda mlima. Geji inakuonyesha lori inasukuma na nguvu gani.

Siku ya kwanza nilisimama mbele ya lori nione vizuri. Mzee Balbir alikuja akanishika sikio, akanivuta mpaka kwa ukuta.

"Wewe ona hii cheni?" akasema.

"Naona, Mzee."

"Cheni hii ikikatika, wewe iko wapi?"

Nikafikiria. "Nitakuwa hapo mbele."

"Hapana. Wewe itakuwa Karatina."

Tangu hiyo siku sijawahi simama mbele ya gari iko kwa rola, na hata kwa barabara huwa nasimama kando nikiwaza hiyo cheni.

Torque alinifundisha na mkokoteni. Aliweka gearbox mbili juu ya mkokoteni, kwa ule mteremko wa kuingia gereji, akaniambia nisukume kupanda. Nilisukuma mpaka macho yakatoka, mkokoteni haukusonga. Akaita fundi mwingine, tukasukuma wawili, ukaanza kusonga. "Hiyo ndio torque," akasema. "Ile inatoa kitu mahali imelala." Tulipokuwa tumeanza kwenda akapiga kelele, "Sasa kimbia!" Tukakimbia mpaka juu nikatapika. Akaja polepole amejifunga mikono nyuma. "Na hiyo ndio farasi. Mzigo ile ile, lakini haraka."

Kwa hivyo mkiulizwa, semeni hivi: mashine haipimi nguvu za farasi. Mashine inapima torque peke yake. Farasi unazitafuta wewe na penseli: torque mara mizunguko ya injini kwa dakika, halafu unagawanya na namba fulani ambayo nilikariri kama jina la babu yangu. Injini inaweza kuwa na torque kidogo lakini ikizunguka haraka sana, farasi zitakuwa nyingi. Zitakuwa nyingi huko juu, kwa mizunguko ya juu. Huko chini, mahali lori inaanza kupanda, hakuna mtu nyumbani.

Na sasa niwaambie kuhusu rimu. Wateja hawakuruhusiwa kuingia kwa chumba ya rola, kwa sababu ya ile mambo ya kurushwa mpaka mji wa Karatina. Walikuwa wanangoja nje. Mzee Balbir alikuwa ametundika rimu ya lori kwa mti wa mubariti pale uwanjani, na kupima kukiisha, mtu wa rola anatoka na nyundo, anagonga mara moja kwa kila farasi kumi. Watu wanahesabu. Jumamosi walikuwa wanakuja hata wenye hawana gari. Wengine walikuwa wanatoka Majengo na watoto wao, wanakaa kwa nyasi wanakula miwa, wanangoja kusikia lori ya nani imelia zaidi. Mwenye lori akigongewa nyingi alikuwa anatembea mjini wiki nzima kama amemwoza binti yake kwa daktari.

Shida moja tu: rimu ilikuwa ya farasi. Torque haikuwa na kengele.

Mwanzo wa miaka ya themanini akaja Mama Njoki. Huyu alikuwa mama wa biashara ya mbao, mtu wa maneno machache na sauti ya kusimamisha lori. Alitaka kuingia kwa kazi ya kubeba ngano huko Timau, na wenye mashamba walikuwa na mtindo wao wa kuchagua malori. Siku ya maonyesho yao ya mavuno, kila lori inapakiwa magunia ya ngano sawasawa, inapanda mlima wao wa murram, barabara ya changarawe, peke yake, wao wamesimama juu na saa. Yenye inapanda vizuri inapata msimu mzima. Walikuwa wamemwambia Mama Njoki mbele ya watu ati hii si kazi ya kubeba kuni. Alikuwa amelimeza hilo neno na bado lilikuwa hapo kooni, ungeliona.

Akaenda Nairobi, fundi fulani akamwekea turbo, ile feni ya kusukumia injini hewa, kubwa yenye ilitoka kwa tingatinga, na akafungua pampu ya dizeli imwage zaidi. Mama Njoki akaleta lori kwetu ipimwe, siku moja kabla ya maonyesho. Mzee Balbir alikuwa amesafiri. Mkubwa wa rola nilikuwa mimi. Nilikuwa nimevaa overoli safi, hata nilikuwa nimechana nywele.

Dereva wake alikuwa Athumani, wa Majengo, rafiki yangu. Tulikuwa tunakunywa chai pamoja kila asubuhi, na kila asubuhi alikuwa ananirekebisha Kiswahili.

"Hebu funga vizuri hizo cheni, Gathogo," akaniambia akipanda. "Nina mke."

"Cheni ziko sawa. Kanyaga ukiniona nimeinua mkono."

Nikainua mkono. Akakanyaga. Mwanzo lori ilitoa moshi mweusi tu, kama mtu anachoma tairi, na geji haikutaka kuamka. Mimi nikasema moyoni, ni baridi hiyo. Nikaandika namba kwa karatasi bila kuiangalia sana. Halafu mizunguko ikapanda, na turbo ikaamka. Wee! Ilipiga mluzi, lori ikaruka kwa cheni, ukuta ukatetemeka, na sindano ya geji ikaenda mahali haijawahi kwenda tangu rola iletwe. Nikafungua maji zaidi, bado inasukuma. Ekzosti ilikuwa imeanza kuwa nyekundu. Nikaandika ile namba kubwa ya juu, nikashusha mkono, Athumani akazima.

Nikapiga hesabu ya ile namba moja peke yake, ya juu. Farasi mia mbili na kumi. Nikachukua nyundo nikatoka nje nikikimbia.

Nikagonga. Kumi na tano, watu wakaacha kutafuna miwa. Kumi na nane, hapo ndio rekodi ya gereji ilikuwa. Nilipogonga ya kumi na tisa uwanja wote ulisimama. Ishirini na moja! Wanawake wakapiga ngemi, yaani vigelegele, na mimi nikapanda juu ya pipa la mafuta nikacheza, mkubwa wa rola mzima, nikiwa na nyundo. Mama Njoki alikuwa amesimama pale kwa mubariti. Hakucheka. Alifunga tu leso yake upya, na nikaona lile neno limeshuka kutoka kooni.

Halafu watu wakienda kumpongeza Mama Njoki, mimi nikarudi ndani kuchora. Unajua lazima uchore: mizunguko huku chini, torque kando, unaweka nukta moja moja na kuunganisha na penseli. Nukta za juu zilikuwa zimesimama kama Mlima Kenya asubuhi. Nikaunganisha za chini. Penseli ikashuka. Ikashuka tena. Nikafikiri nimeweka nukta vibaya, nikafuta, nikachora upya. Ikashuka pale pale.

Kulikuwa na shimo. Kutoka mizunguko elfu moja na mia mbili mpaka karibu elfu moja na mia tano, hiyo lori ilikuwa dhaifu kuliko vile ilikuwa kabla iwekwe turbo. Turbo ya tingatinga ni kubwa, inataka moshi mwingi wa injini ndio izunguke. Kabla izunguke, ni kama umeziba pua ya injini na kidole. Na hapo nilikuwa nimepima Nyeri. Timau iko juu zaidi, hewa ni nyembamba zaidi. Huko shimo litakuwa refu na turbo itachelewa kuamka kuliko vile karatasi inasema.

Ile kitu ilinitoa jasho ni gia. Nilijua ule mlima wa Timau. Katikati kuna kona kali. Ukiwa na mzigo, ukifika hapo uongeze gia ili saa isikuache, mizunguko inaanguka, na inaanguka wapi? Ndani ya shimo. Injini inazima. Breki za ile lori zilikuwa zinatumia upepo wa injini, injini ikizima zinalegea, na zikikanyagwa na mzigo kwa mteremko zilikuwa zinateleza tayari. Lori itarudi nyuma na magunia yake na Athumani wake. Na nyuma ya kona ndio watu husimama kutazama.

Nikamwita Athumani ndani. Nikamwonyesha karatasi.

"Hapa uko sawa," nikaweka kidole. "Hapa umekufa. Hapa uko sawa tena."

Aliangalia sana. "Gathogo, Kiswahili chako ni kibovu," akasema, "lakini hapo nimekuelewa."

Tukaenda kwa Mama Njoki. Lakini unamwambiaje mtu unataka kurudisha ile milio ya rimu? Nikamweleza shimo, nikamweleza kona.

"Aterere, sikiza, kijana," akasema. "Umegonga ishirini na moja?"

"Ndio, Mama, lakini hiyo ni..."

"Ni mimi nilikuambia ugonge?"

"Hapana."

"Ulipanda kwa pipa ukacheza?"

"Nilicheza, Mama."

"Sasa mbona unaniletea matanga?"

Watu wakacheka. Hapo nikaona maneno hayatasaidia. Nikamwambia, "Mama, tafadhali panda kwa lori. Ukae kando ya Athumani. Nitakuletea mlima hapa." Sijui nilitoa wapi hiyo nguvu, sheria ya gereji ilikuwa hakuna mteja kwa rola. Akaniangalia, akavua viatu vya kisigino, akapanda.

Nikakagua cheni mara mbili. Athumani akaweka gia ya tatu, akakanyaga mpaka turbo ikapiga mluzi. Nikafungua maji kidogo, lori ikasukuma vizuri. Nikamwonyesha alama: badilisha, kama uko kwa kona. Akakanyaga klachi, akaweka ya nne, mizunguko ikaanguka, na mimi nikafungua maji yote.

Ile lori ilipiga magoti. Sina neno lingine. Ilitetemeka kutoka mbele mpaka nyuma, vioo vikagongana, moshi mweusi ukajaa chumba, Athumani amekanyaga mafuta mpaka sakafuni na hakuna kitu, ilikohoa mara mbili tatu, ikazima. Cheni zililia, halafu kukawa kimya mpaka ukasikia maji yakidondoka.

Mama Njoki hakushuka mara moja. Alikuwa ameshika dashibodi na mikono miwili.

"Na kwa mlima," akamuuliza Athumani polepole, "hapa breki zingeshika?"

"Mama, hapa ningekuwa nimeanza safari ya kurudi Nyeri kinyumenyume."

Mngefikiri hapo mambo yaliisha. Mama Njoki alikaa kwa ngazi ya ofisi bila viatu, akasema jina yake imeandikwa kwa maonyesho, na asipofika kesho watasema alirudi kwa kuni zake. Lakini hatamlazimisha mtu. Akamwangalia Athumani. Athumani akaniangalia mimi.

"Karatasi inasema kuna njia?" akauliza.

Nikaangalia. Njia ilikuwako, nyembamba. Kama angepanda mlima wote na gia ya pili, injini ikilia huko juu kwa elfu mbili, asibadilishe, asiinue mguu hata kidogo, shimo hangeligusa. "Usiinue mguu," nikamwambia. "Hata ukiona malaika."

"Basi nitapanda," akasema.

Asubuhi nilivaa suti yangu ya harusi, kwa sababu Mama Njoki alisema kutakuwa na picha. Tulipofika Timau sikuenda juu kwa wakubwa. Nilishuka kwa kona nikatafuta jiwe. Watu waliniuliza jiwe ni la nini, nikasema nimechoka nataka kukalia. Nikawaomba wasogee kando ya barabara, wakasogea hatua moja, wakarudi.

Lori ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita ikiyumba, na kwa kona yangu magunia mawili yakaanguka kutoka nyuma, yakalala katikati ya murram. Nikaanza kuita watu tuyaondoe. Kabla tushike hata moja nikasikia ule mluzi wa turbo huko chini. Athumani alikuwa amekwisha anza.

Alikuja vizuri, mwenzangu. Gia ya pili, injini inalia kama imechomwa, hajabadilisha, hajainua. Akapinda kona akaona magunia, na pale kando ya magunia kulikuwa na watu. Afanyeje? Aliinua mguu.

Nilisikia kwa masikio kile nilikuwa nimechora na penseli. Mluzi ukakatika. Sauti ikashuka, ikashuka, na mimi nikajua nukta yenye amefika, na nukta yenye inafuata. Moshi ukaja mweusi. Lori ikapiga magoti, ikakohoa, ikazima, na magurudumu ya nyuma yakasimama. Halafu yakaanza kurudi, polepole kabisa.

Sikufikiria. Kama ningefikiria singekuwa hapo. Nilikimbilia nyuma ya lori na hilo jiwe, hapo ndio suruali ilipasuka, napiga nduru watu watoke, "Tokeni! Tokeni!" na lori inanijia kinyumenyume. Nikalitupa jiwe chini ya tairi na nikalisukuma na kiatu. Tairi likapanda juu yake. Likakaa hapo, linafikiria. Athumani alikuwa amekanyaga breki na handbreki yote, nilisikia upepo ukipiga kelele. Tairi likatulia.

Hakuna mtu alipiga makofi. Watu walikuwa wamelala kwa mtaro. Athumani akawasha, akaweka ya kwanza, magunia yakaondolewa, akapanda mpaka juu kama konokono. Tulimaliza wa mwisho. Msimu ule Mama Njoki hakubeba ngano. Jumatatu alikuja gereji, akamwambia Mzee Balbir atoe ile turbo, akatafuta ndogo, na mwaka uliofuata akarudi Timau, farasi zimepungua na hakuna shimo. Wakampa kazi. Ile ya tingatinga iko pale nyuma ya gereji mpaka leo, mnapanda mboga ndani.

Mzee Balbir hakunigombeza. Aliweka sheria moja: kuchora kwanza, kugonga baadaye. Na mkichora, msianze kuangalia juu, mahali pazuri. Anzeni chini kushoto, mahali injini inaamka, mfuate mstari na kidole, mkiuliza kila nukta dereva atakuwa wapi hapo, na nani amesimama nyuma yake. Kompyuta yenu inawachorea na rangi, sawa. Haiwezi kuwaambia kuna kona.

Jioni ile ya Timau, mimi na Athumani tulikaa kwa kibanda cha chai, mimi nimejifunga sweta kiunoni kuficha suruali. Ndio nikakumbuka kitu: pale kwa kona, lori ikiwa juu ya jiwe langu, mlango wa dereva ulikuwa wazi.

"Ulifungua mlango saa ngapi?" nikamuuliza.

"Ilipozima. Nilikuwa ninaruka. Mguu mmoja ulikuwa tayari nje."

"Sasa mbona hukuruka?"

Athumani akakoroga chai yake, akakunywa kidogo.

"Nilitazama kwenye kioo," akasema, "nikakuona wewe nyuma, na suti yako ya harusi, na lile jiwe. Nikasema, nikiruka, huyu mjinga atakanyagwa, halafu nani atanisomea karatasi?"